Shati Jeupe la Asamani

Ilikuwa Jumanne, tarehe nne Juni, saa tatu kasorobo asubuhi, na mvua ilikuwa ikiinyeshea Takoradi kwa siku ya tatu mfululizo. Mensima Quaicoe alifika kazini akiwa amelowa hadi magotini. Alitundika mwavuli, akawasha kompyuta, akaikuta picha inamsubiri.

Ilikuwa imetumwa na wasikilizaji mia moja na kumi na saba, na karibu wote waliuliza swali moja: ni ya kweli?

Kujibu swali hilo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kwa miaka sita Mensima alikuwa mhakiki wa picha katika kituo cha redio, na jina lake lilikuwa limejulikana pwani yote ya magharibi. Yeye ndiye aliyemwumbua mhubiri aliyejitengenezea picha akitembea juu ya maji ya bandari. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba picha ya mgombea akipokea mkoba ilikuwa na mikono mitatu, na kwamba mkono wa tatu haukuwa wa mtu yeyote. Alipenda kazi yenye hatua, na hatua zake zilikuwa tatu: kwanza chimbuko, pili jicho, tatu mashine.

Aliikuza picha. Pikapu nyeupe ya kampuni ya machimbo ya Subriso imeegeshwa langoni. Nyuma yake kijana ameketi, mikono imefungwa mbele kwa kamba, amevaa shati jeupe la kola. Mlinzi amesimama kando yake. Chini mtu ameandika: “Huyu ni Asamani. Wao wanasema hawajamwona.”

Habari yenyewe aliijua, kama kila mtu alivyoijua. Jumapili mchana vijana wanane wa mji wa Awusukrom walipenya uzio wa kampuni kwenda kuokota mawe yenye dhahabu. Walinzi waliwafukuza. Saba walirudi nyumbani. Wa nane, Asamani, mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu, hakurudi. Kampuni ilitoa tamko fupi: walinzi wake hawakumkamata mtu yeyote siku hiyo. Dada yake Asamani, fundi cherehani aitwaye Boatemaa, alipata wakili na kwenda mahakamani kuomba kampuni iamriwe kumtoa ndugu yake, akiwa hai au maiti. Shauri lingesikilizwa Alhamisi. Picha ikiwa ya kweli, kampuni ingelazimika kueleza pikapu ile ilimpeleka wapi kijana yule. Picha ikiwa ya uongo, Asamani angebaki kuwa mtu aliyekimbilia porini kwa hiari yake, na hakuna hakimu anayeamuru pori limtoe mtu.

Mensima alianza na chimbuko. Picha ilisemekana kutoka kwa familia, hivyo alipiga nambari ya Boatemaa. Simu ilikuwa imezimwa. Alisubiri nusu saa, akapiga tena. Bado ilikuwa imezimwa.

Akaenda kwenye jicho, na jicho lilipata mengi. Ngozi ya kijana ilikuwa laini kama nta. Vidole vyake viwili vilikuwa vimeyeyukia ndani ya kamba. Beji ya mlinzi ilikuwa na alama zinazofanana na herufi lakini si herufi za lugha yoyote. Shati lilikuwa jeupe pasipo kunyanzi, bila tone la tope, juu ya mtu aliyetoka kukimbizwa kwenye machimbo wakati wa mvua. Zaidi ya hayo, Jumatatu Boatemaa mwenyewe alihojiwa na kituo hicho hicho, akasema ndugu yake alitoka nyumbani amevaa singilendi nyekundu. Mensima aliisikiliza sauti hiyo mara mbili ili asikosee.

Mwisho akaipitisha picha kwenye programu ya kupimia. Programu ilichukua dakika moja, ikaandika: uwezekano wa kutengenezwa kwa akili mnemba, tisini na nne kwa mia.

Mhariri wake, Bwana Blay, aliingia bila kubisha, kama kawaida yake, na kikombe cha uji mkononi.

“Mensima, mvua imekuosha mpaka ubongo, au kuna kazi inafanyika humu?”

“Inafanyika. Lakini mwenye picha sijampata.”

“Umempigia?”

“Mara mbili. Simu imezimwa.”

“Basi ameizima. Mwenye kitu cha kweli haizimi simu.”

“Au umeme umekatika kwao.”

“Umeme umekatika kwa kila mtu, bibi. Mama yangu ana miaka themanini na moja na anajua kwa jirani yupi pa kuchajia.” Blay aliweka kikombe juu ya karatasi zake. “Nisikilize. Jana wamechoma matairi pale langoni. Leo wanasema watachoma lango lenyewe, na ndani kuna watu wenye bunduki. Kama hii picha ni ya uongo na sisi tumekaa kimya, Ijumaa tutakuwa tunasoma majina ya maiti. Jicho linasema nini?”

“Linasema mashine.”

“Na mashine inasema nini?”

“Inasema mashine.”

“Mmekubaliana, sasa unangoja nani atie sahihi? Nina dakika nne katika taarifa ya saa sita.”

Hoja yake ilikuwa na uzito, na Mensima aliuona. Aliandika taarifa fupi, iliyopangika, yenye vithibitisho vitano. Katika sentensi ya kwanza aliandika: “Picha hii yote ni kazi ya mashine.” Juu yake akapiga muhuri mwekundu wa dawati lao: UONGO. Blay aliisoma, akaisifu, kisha akaongeza sentensi yake mwenyewe mwishoni, kwamba wanaosambaza picha za kughushi wanaweza kushtakiwa. Saa sita na dakika kumi taarifa ilisomwa hewani. Jioni hiyo hakuna aliyechoma kitu Awusukrom. Mensima alilala vizuri.

Kesho yake, saa mbili na nusu asubuhi, mlinzi wa mapokezi alimwita. Kulikuwa na mwanamke kwenye benchi, upindo wa gauni lake umeloa, mfuko wa plastiki mapajani. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi na macho ya mtu ambaye hajalala.

“Ni wewe uliyesema ndugu yangu ni uongo?”

“Nilisema picha ni ya uongo, dada.”

“Ndugu yangu ndiye aliye ndani ya hiyo picha.”

Mensima aliketi kando yake. Alimweleza alivyopiga simu. Boatemaa alitoa kwenye mfuko simu ndogo ya vibonye, akamwonyesha kioo cheusi.

“Umeme wetu umekatika tangu Jumapili. Nilikuwa nazunguka kwa polisi, kwa wakili, hospitali, nyumba ya maiti. Ningekaa saa ngapi kwa mtu nikingoja simu ijae?”

“Naelewa. Lakini wewe mwenyewe ulisema redioni kwamba alitoka na singilendi nyekundu. Kwenye picha ana shati jeupe.”

Boatemaa alimtazama kama anavyotazamwa mtu mzima aliyesahau mdomo wake ulipo.

“Shati amevalishwa na Egyir.”

“Egyir ni nani?”

“Wa studio ya picha. Nilimpelekea picha aisafishe kwanza, ndipo niwape watu.”

Mensima alitoa simu yake, akalitazama tena shati lile.

“Ulitaka nimtoe mbele ya nchi nzima vile alivyokuwa?” Sauti ya Boatemaa haikupanda. “Pua inatoka damu. Singilendi imepasuka mpaka kitovuni. Matope mpaka ndani ya masikio. Waseme kwa Boatemaa hakuna wa kumfulia mdogo wake? Mimi nashona nguo za watu, sista. Mtu wangu hawezi kwenda kwa wageni akiwa uchi nusu. Hata angekuwa ni wako, ungemsafisha.”

Ni kweli, angemsafisha. Mensima alimsafisha baba yake mzazi. Miaka miwili nyuma, baba yake, fundi wa reli aliyevaa ovaroli maisha yake yote, alibandikwa kwenye kuta za Sekondi katika bango la msiba akiwa na suti ya buluu, tai ya mistari na meno kamili. Suti aliichagua Mensima mwenyewe, akiwa amesimama nyuma ya kiti cha mtu wa studio. Waombolezaji mia nne walilitazama bango lile. Hakuna aliyesema ni uongo. Wengi walisema: sasa ndiye.

Alikuwa amekaa na picha ya Asamani kwa saa tatu, na jambo ambalo kila mtoto wa mtaa wake anajua halikumpitia akilini. Alikuwa amejiuliza kama mashine imeigusa picha. Hakujiuliza ni nani aliyeipeleka kwa mashine, na kwa nini.

Alimpeleka Boatemaa ofisini kwa Blay. Blay alisikiliza yote. Alimvutia Boatemaa kiti na kumwagizia chai, kisha akamtoa Mensima ukumbini.

“Namwamini,” alisema. “Lakini kumwamini si kazi tunayolipwa kufanya. Niletee picha ya kwanza, ile chafu. Nikiipata nabadilisha taarifa leo leo na naomba radhi kwa sauti yangu. Bila hiyo, sibadilishi hata nukta.”

“Kesho ndiyo shauri.”

“Basi usisimame hapa na mimi.”

Walifika Awusukrom saa sita mchana, chini ya mvua nyembamba. Studio ya Egyir ilikuwa chumba kimoja kando ya kanisa. Kuta zake zilijaa mabibi na mabwana waliokufa, wote wakiwa na ngozi ile ile. Egyir alikuwa mtu wa makamo, mchangamfu, mwenye simu tatu mezani zilizochajiwa kwa paneli ya jua. Alimpokea Mensima kwa heshima kubwa.

“Madamu wa redio. Kumbe ni mdogo hivi. Redioni una sauti ya mtu mwenye mwili.”

“Kaka Egyir, ile picha ya Asamani uliifanya nini?”

“Niliifanya iwe picha.” Alichukua simu moja, akaonyesha kwa fahari. “Hapa unabonyeza, inasafisha sura. Hapa inaondoa kutikisika. Hapa inavalisha. Humu nina suti kumi na nane, mavazi ya kente sita, na sare ya zimamoto moja, kwa ajili ya marehemu mmoja tu. Shati jeupe nilimpa bure. Si unajua hali yao.”

“Na mlinzi? Beji yake imeharibika.”

“Programu inasafisha kila uso unaoonekana na kila kilicho karibu na uso. Haichagui. Mlinzi naye amependeza. Hajawahi kupendeza vile tangu azaliwe.”

Boatemaa alikuwa amesimama mlangoni, mgongo kwao, akiangalia mvua.

“Ile ya kwanza iko wapi?” Mensima aliuliza.

“Nilifuta.”

“Zote?”

“Madamu, simu inajaa. Nikishamaliza kusafisha nafuta ile chafu siku hiyo hiyo. Nina miaka kumi na tisa katika kazi hii. Hajawahi kuja mtu hapa kuniuliza ile chafu.” Alimtazama Boatemaa, kisha akamtazama Mensima, na uchangamfu ukamwondoka usoni taratibu. “Nilikosea?”

Mensima alitoa kompyuta yake, akaunganisha simu, akaendesha programu ya kurudisha vilivyofutwa. Ilifanya kazi kwa saa moja na robo. Tangu Jumapili, Egyir alikuwa amepakia juu yake video za harusi mbili na ubatizo mmoja. Kilichorudi kilikuwa kipande chembamba cha rangi, kama uzi, nusu chekundu. Kingeweza kuwa singilendi. Kingeweza kuwa zulia la kanisa.

“Nani alikuletea?” Mensima aliuliza.

“Aliyeipiga mwenyewe. Maame Esaaba, muuza kenkey pale langoni. Alikuja na huyu dada, akanirushia kutoka kwenye simu yake.”

Lango la Subriso lilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Maame Esaaba alikuwa chini ya turubai, karibu na sufuria yake, akipanga kenkey, madonge ya unga wa mahindi yaliyofungwa kwa maganda yake. Alimwona Boatemaa kwa mbali na akaanza kufunika vyombo.

“Maame, shikamoo,” Boatemaa alisema. “Nimekuja na mtu wa redio. Anaitaka ile picha tu, kisha tunaondoka.”

“Mimi nauza kenkey. Picha sina.”

“Maame, si tulienda wote kwa Egyir?”

“Ulienda na mtu mwingine.”

“Maame Esaaba.”

Mwanamke yule alimtazama mlinzi wa langoni, kisha akainama juu ya sufuria kana kwamba anahesabu. Alizungumza akiwa ameinama hivyo.

“Jana saa sita na dakika kumi nilikuwa nafunga kenkey, redio iko hapa. Nikasikia picha ni ya uongo. Nikasikia waliosambaza watashtakiwa. Nina watoto wanne. Nikaifuta. Halafu nikaona kufuta hakutoshi, maana wana watu wao wa kufufua vitu. Nikaitumbukiza simu chooni. Nenda kaitafute.”

“Ulimwona lakini,” Mensima alisema. “Ulimwona kwa macho yako. Unaweza kusema kesho mbele ya hakimu.”

Maame Esaaba aliinua kichwa. “Wewe ndiye mwenye ile sauti.”

“Ndiyo.”

“Basi mama, wewe umesoma, una mashine, umekaa Takoradi ukaona kwamba sikuona. Mimi wa kenkey nibishane na wewe?” Alifunga turubai yake upande mmoja. “Kama mmesema sikuona, sikuona. Nunua au nipishe.”

Boatemaa alinunua kenkey mbili. Hakuna aliyejua kwa nini, hata yeye mwenyewe. Mensima aligeuka kuondoka, na kwa kugeuka huko akaliona lango kama ambavyo Maame Esaaba angeliona kutoka nyuma ya sufuria yake. Kushoto kwa lango kulikuwa na ubao wa kijani, wa aina inayowekwa kwenye kila mgodi, wenye tarakimu zinazobadilishwa kila asubuhi. Uliandikwa: SIKU BILA AJALI: 215.

Alifungua picha kwenye simu yake na kuikuza, si kwa kijana, si kwa mlinzi. Nyuma ya kichwa cha pikapu, kwenye kona aliyokuwa ameiruka kwa sababu haikuwa na uso wala mkono, ubao ulikuwepo. Ulikuwa mdogo, umetikisika kidogo, na chembechembe zake za rangi zilikuwa chembechembe za kamera ya simu ya bei nafuu. Egyir na programu yake hawakuufikia, kwa kuwa haukuwa karibu na uso wowote. Uliandikwa 212.

Alitoa tatu kwenye mia mbili na kumi na tano, akarudi siku tatu nyuma kutoka Jumatano. Jumapili.

“Boatemaa,” alisema. “Njoo uone.”

Waliketi juu ya kizingiti cha duka lililofungwa, na Mensima akamweleza. Boatemaa alisikiliza, kenkey zikiwa bado mkononi. Mwisho aliuliza jambo moja tu.

“Kwa hiyo utaniambia kwamba alikuwa hai Jumapili?”

“Nitamwambia hakimu.”

Jioni ile Mensima aliandika kurasa tatu. Blay alizisoma akiwa amesimama.

“Ni kazi nzuri,” alisema. “Ni bora kuliko ya jana. Lakini ubao wanaupita watu elfu kwa siku. Yeyote angeweza kuupiga picha Jumapili na kuuchomeka.”

“Haujachomekwa. Chembechembe zinaendelea kutoka kwenye ubao mpaka kwenye gurudumu bila kukatika.”

“Hayo unayajua wewe. Mimi najua kwamba Jumanne tulisema yote. Ukienda kesho, nenda kama Mensima. Usiende kama sisi.” Alikunja kurasa na kumrudishia. “Na uvae viatu vikavu, tafadhali. Usiende kutuaibisha.”

Alhamisi, saa nne asubuhi, wakili wa Boatemaa alimwita Mensima kizimbani. Mensima alieleza kwa mpangilio: alichoulizwa, alichojibu, alichokosea. Alisema programu hupima kama mashine imeigusa picha, na kwamba mashine iliigusa kweli. Alisema mguso na uzushi ni vitu viwili. Alionyesha ubao, alionyesha chembechembe. Hakimu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliandika kwa makini na kuomba arudie mara mbili.

Kisha alisimama wakili wa kampuni, mwanamke mwenye sauti ya upole.

“Madamu Quaicoe, mimi ni msikilizaji wako. Nina swali dogo. Taarifa hii ya Jumanne uliiandika wewe?”

“Niliiandika mimi.”

“Tusomee sentensi ya kwanza.”

Mensima alisoma. “Picha hii yote ni kazi ya mashine.”

“Yote. Uliandika kwa haraka?”

“Nilikuwa na saa tatu.”

“Ulimpata aliyepiga picha?”

“Sikumpata siku ile.”

“Na sasa umempata? Yuko hapa?”

Mensima alimtazama Boatemaa kwenye benchi la mbele. Kumtaja Maame Esaaba kungekuwa kumleta kwa nguvu, na Maame angesimama pale na kuapa kwamba hakuona kitu. “Hayupo,” alisema.

“Picha ya kwanza ipo?”

“Haipo.”

“Kwa hiyo tuna shati ambalo si lake, ngozi ambayo si yake, vidole ambavyo si vya mtu, na ubao. Jumanne ubao huo ulikuwa sehemu ya yote. Leo umetoka kwenye yote. Kesho nini kitatoka?”

“Kesho sijui,” Mensima alisema. “Leo najua kwamba Jumanne nilikosea.”

“Ahsante. Hilo tu.”

Hakimu alitoa uamuzi saa nane mchana. Alisema mahakama inamhurumia mwombaji. Alisema shahidi amezungumza kwa uaminifu, na uaminifu huo huo umeiacha mahakama bila msingi, kwa maana shahidi aliyeitupa picha nzima Jumanne hawezi kuokota kona yake Alhamisi. Ombi lilikataliwa. Mlango uliachwa wazi, alisema, iwapo picha ya awali au shahidi wa macho atapatikana.

Nje mvua ilikuwa imekatika. Boatemaa alisimama kwenye ngazi akivaa viatu vyake polepole.

“Ningemwacha na damu yake,” alisema.

“Si kosa lako.”

“Sijasema ni kosa langu. Nasema ningemwacha.” Alimaliza kiatu cha pili. “Wewe pia ungemwacha na swali. Ungesema, hujui. Mtu hafi kwa kusema hujui.”



Waliyoyafanya baada ya hapo ni haya.

Maame Esaaba alihamisha sufuria yake kutoka langoni hadi soko la Tarkwa, na hakuaga. Egyir alifunga studio kwa siku nne, kisha akafungua, kwa kuwa Jumamosi ile kulikuwa na mazishi mawili na familia zote mbili zilitaka mabango. Bwana Blay alibadilisha muhuri wa taarifa kutoka UONGO kuwa HAIJATHIBITISHWA siku ya tisa, bila kutangaza hewani, na mwezi uliofuata aliiondoa kwenye orodha ya kazi zilizopelekwa kushindania tuzo. Wakili wa Boatemaa alikata rufaa. Wakili wa kampuni alienda likizo.

Mensima aliandika taarifa ya pili, akaitia jina lake na kosa lake katika sentensi ya kwanza. Ya Jumanne ilikuwa imesomwa na watu elfu sitini na mbili. Ya pili ilisomwa na mia tatu na tisa. Aliendelea na kazi. Kila Ijumaa alikwenda soko la Tarkwa, akanunua kenkey kwa Maame Esaaba, akauliza swali moja, akajibiwa kwamba kenkey ni hizo.

Wazee wa ukoo walimwambia Boatemaa avae nyekundu na nyeusi, wapange siku ya kumlilia Asamani. Alikataa. Alisema hana maiti, na hamlilii mtu aliye nyuma ya pikapu. Alirudi kwenye cherehani yake.

Asamani hakurudi.